Ufunguo Umehama: Teknolojia Inavyobadili Hoteli, Kambi na Safari

Kwa miaka mingi ufunguo wa chumba cha hoteli ulikuwa kitu cha kushikika. Ulining'inia kwenye ubao nyuma ya mhudumu wa mapokezi, umefungwa kwenye kipande kizito cha shaba au mbao chenye namba ya chumba, na ukitoka uliuacha kaunta. Mhudumu akitupa jicho kwenye ubao alijua nani yuko ndani na nani katoka. Katika hoteli nyingi ubao ule haupo tena. Ufunguo umekuwa kadi ya plastiki, na kwingine umeshaingia ndani ya simu, kiasi kwamba mgeni anaweza kulala siku tatu na kuondoka bila kusemezana na mtu.

Ninaanza na ufunguo kwa sababu unaonyesha jambo ambalo vifaa vipya vinalificha. Tukizungumzia teknolojia ya safari tunataja vitu: programu ya kuweka nafasi, kitasa cha kidijitali, hema jepesi, paneli ya sola. Chini ya vitu hivyo vyote kuna jambo moja linalojirudia. Kulikuwa na mtu aliyejua nani kalala wapi, chumba ni bei gani leo, njia ipi inapitika. Maarifa yale yamehama. Yamo ndani ya kompyuta usiyoiona, na inafaa msafiri ajue yamehamia wapi, maana siku kitu kikigoma hapo ndipo pa kushika.

Mlango usio na intaneti

Kadi ya kwanza ya hoteli iliyoweza kubadilishwa siri yake, yaani mpangilio unaotambuliwa na mlango, ilibuniwa na Tor Sørnes wa Norway katika miaka ya 1970. Ilikuwa plastiki yenye nafasi 32 za matundu, kila nafasi ikiwa imetobolewa au haikutobolewa, hivyo michanganyiko inayowezekana ilizidi bilioni 4. Shida aliyoikabili inaeleweka na kila mtu: ufunguo wa chuma ukipotea, hoteli inabaki na mlango ambao mtu asiyejulikana anaweza kuufungua. Kwa kadi, kila mgeni anapewa siri yake, na siri ya mgeni wa jana inakufa.

Wengi hudhani kitasa cha chumba kimeunganishwa na kompyuta ya mapokezi. Mara nyingi hakijaunganishwa na chochote. Kina betri zake na saa yake, na kinachokijua ni kile tu kinacholetwa na kadi. Kadi ndiyo tarishi: inabeba ujumbe kwamba aliyeishika ni mgeni wa chumba hiki mpaka siku fulani, saa fulani. Kadi mpya ikiguswa mlangoni kwa mara ya kwanza, kitasa kinatambua kwamba mgeni mwingine amefika, na kuanzia hapo kinaikataa ya zamani. Ndiyo maana ukiongeza siku kwa kupiga simu mapokezi, kadi yako inaweza kugoma mchana ule ule. Kompyuta imeshajua kwamba unabaki, ila mlango haujapata habari, na hauwezi kuzipata mpaka kadi iandikwe upya. Simu inapotumika kama ufunguo, kazi ni ile ile. Tarishi tu amebadilika, sasa ni mawimbi ya Bluetooth, na anayeandika barua ni kompyuta ya kampuni iliyoko mbali.

Mpango huu una upande wake wa hatari. Machi 2024 kundi la watafiti wa usalama lilitangaza kwamba limepata njia ya kutengeneza kadi bandia za kufungua vitasa vya aina ya Saflok, vilivyokuwa kwenye milango zaidi ya milioni 3 katika nchi 131. Walichohitaji ni kadi moja tu ya hoteli husika, hata ile iliyokwisha muda. Walikuwa wamemweleza mtengenezaji tangu mwaka 2022, lakini kufikia siku ya tangazo ni asilimia 36 tu ya vitasa vilivyokuwa vimerekebishwa au kubadilishwa. Kuna sababu ya ukawiaji huo, nayo iko kwenye aya iliyotangulia: kitasa kisicho na intaneti hakirekebishwi kutoka mbali. Fundi lazima apite mlango kwa mlango, na kadi zote za hoteli zibadilishwe. Watafiti wale walionya pia kwamba komeo la ndani la vitasa hivyo linaendeshwa na mfumo huo huo wa umeme, kwa hiyo lisitegemewe. Kilichobaki ni mnyororo wa chuma, kama mlango unao. Mimi huutafuta kabla sijafungua begi.

Bei inayobadilika ukiwa unaitazama

Kabla ya kompyuta, karani wa shirika la ndege alipekua kadi kwenye makasha yanayozunguka ili ajue kama kiti kipo, na kukamilisha nafasi moja kuliweza kuchukua dakika 90. American Airlines na IBM wakatengeneza mfumo ulioitwa Sabre, ulioanza kazi miaka ya 1960, ukawa unafanya shughuli hiyo kwa sekunde. Kasi ilikuwa faida inayoonekana. Faida kubwa zaidi ilikuwa kumbukumbu: sasa shirika liliona siku kwa siku ni safari zipi hujaa mapema na zipi huondoka na viti vitupu.

Mwaka 1978 serikali ya Marekani ilianza kuachia nauli za ndege zipangwe na soko. Mwaka 1985 American Airlines, chini ya Robert Crandall, ilishusha sana nauli za wanaolipa mapema, na kompyuta ndiyo iliyopewa kazi ya kuamua viti vingapi katika kila ndege viuzwe kwa bei hiyo na vingapi vihifadhiwe kwa mfanyabiashara atakayekuja dakika za mwisho akiwa tayari kulipa zaidi. Hoteli ziliiga upesi, Marriott ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Sababu ni kwamba chumba na kiti vina ugonjwa mmoja: usiku wa leo ukipita chumba kikiwa kitupu, mapato yake hayarudi tena. Gazeti la jana angalau hufungia vitu.

Basi bei unayoiona kwenye skrini si thamani ya chumba. Ni makisio ya mashine kuhusu nani mwingine atakitaka, na lini. Kukiwa na mkutano mkubwa mjini inapanda. Wiki ikiwa na wageni wachache inashuka, na inaweza kushuka hata baada ya wewe kulipa. Nafasi inayoweza kufutwa bila faini ina thamani kwa sababu hiyo: unaishikilia, kisha siku chache kabla ya safari unaangalia tena.

Mwaka 1996 aliingia dalali. Mwaka huo ndipo Expedia ilipoanza ndani ya Microsoft, na Booking.com ikaanza Uholanzi. Dalali wa intaneti huikutanisha hoteli ndogo na wageni ambao isingewapata kwa njia yoyote, na kwa kazi hiyo huchukua kamisheni, mara nyingi asilimia 15 ya bei au zaidi. Hoteli ikikubali kulipa zaidi inaweza kusogezwa juu kwenye orodha. Kwa hiyo zile hoteli tatu za kwanza unazoonyeshwa hazikupangwa kwa ubora peke yake, na ni vizuri kushuka chini kidogo kabla ya kuamua.

Jambo lililowaumiza wenye hoteli kwa muda mrefu ni masharti ya madalali hawa ya usawa wa bei: ukiuza kupitia kwetu, usiuze kwa bei ya chini kwenye tovuti yako mwenyewe. Katika Umoja wa Ulaya masharti hayo yamepigwa marufuku kwa majukwaa makubwa kabisa ya intaneti, na Booking ilitajwa rasmi kuwa mojawapo Mei 2024. Mahali ambapo hoteli iko huru, kuipigia simu moja kwa moja kunaweza kukupatia bei nafuu, au chumba kizuri zaidi kwa bei ile ile, kwa sababu kamisheni isiyolipwa kwa dalali inabaki mezani penu wawili. Marekani nako, tangu Mei 2025, kanuni ya serikali inataka bei ya malazi ya muda mfupi itangazwe ikiwa na ada zote za lazima, badala ya ada hizo kuchomoza kwenye ukurasa wa kulipia.

Nyumba za watu zilizogeuzwa malazi zimeleta mkanganyiko wa namna yake. Airbnb ilizaliwa San Francisco pale vijana wawili walipokodisha magodoro ya kujaza upepo sebuleni kwao mwaka 2007. Hoteli ina kibao nje na mkaguzi anajua pa kuikuta. Fleti inayopangishwa kwa usiku mmoja mmoja haionekani, na anayejua ziko ngapi ni jukwaa peke yake. Ndiyo maana ugomvi wa miji na majukwaa umekuwa zaidi ugomvi wa kumbukumbu. New York tangu Septemba 2023 inamtaka mwenye nyumba ajisajili, na awepo nyumbani ikiwa mgeni anakaa chini ya siku 30. Barcelona imetangaza kwamba haitahuisha leseni za fleti za watalii, ili zote ziwe zimekwisha ifikapo Novemba 2028. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2024 inayoyalazimisha majukwaa kuzipa mamlaka takwimu za malazi hayo. Kwa mgeni, maana yake ni moja: nyumba nzuri kwenye picha inaweza kuwa haina ruhusa, na nafasi ikafutwa. Tafuta namba ya usajili kwenye tangazo.

Roboti aliyemwamsha mgeni

Julai 2015 nchini Japani ilifunguliwa Henn na Hotel, ambako wageni walipokelewa na roboti, mmoja akiwa na umbo la dinosaria. Dunia nzima iliandika. Miaka mitatu na nusu baadaye, mwanzoni mwa 2019, ikaripotiwa kwamba hoteli imewastaafisha zaidi ya nusu ya roboti wake 243. Roboti mwenye umbo la mwanasesere aliyewekwa chumbani alidhani mgeni anayekoroma anamuuliza swali, akawa anamwamsha mara kwa mara. Roboti wa mapokezi walishindwa maswali ya kawaida ya wageni, na wafanyakazi wakajikuta na kazi ya ziada ya kuwahudumia roboti wenyewe.

Mabadiliko ya kweli yamekuja bila sura ya dinosaria. Yamekuja kwa programu inayokusajili ukiwa bado njiani, na sasa kwa programu za akili bandia zinazojibu maswali badala ya karani. Hapa ninasisitiza jambo moja ambalo wasafiri wengi hawalijui. Februari 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua kesi ya abiria aliyefiwa na bibi yake. Programu ya kujibu maswali kwenye tovuti ya Air Canada ilimweleza kwamba anaweza kununua tiketi kwa bei kamili kisha akaomba baadaye nauli ya msiba, yaani punguzo kwa waliofiwa. Haikuwa kweli. Shirika lilijitetea kana kwamba programu ile ni kitu kinachojitegemea na kinachowajibika kwa maneno yake chenyewe. Baraza lilikataa: tovuti ni ya shirika, na maneno yaliyomo ni ya shirika. Abiria alilipwa kwa sababu alikuwa amehifadhi picha ya maongezi yale. Uamuzi wa baraza dogo hauzifungi mahakama za nchi nyingine, lakini mazoea ya abiria yule yanafaa popote. Ukiahidiwa kitu na mashine, piga picha skrini.

Kumbukumbu zako nazo zinasafiri. Novemba 2018 Marriott ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa ndani ya mfumo wa nafasi wa hoteli za Starwood tangu 2014, miaka miwili kabla Marriott haijazinunua, na miongoni mwa vilivyochukuliwa ni namba za pasipoti zaidi ya milioni 5 zilizohifadhiwa wazi, bila kufichwa kwa maandishi ya siri. Mgeni hana uwezo wa kulinda kompyuta ya hoteli. Anachoweza ni kukataa kutuma picha ya pasipoti kwa barua pepe pale ambapo kuionyesha kaunta kunatosha.

Porini, mbali na chaji

Kambini mambo ni tofauti, na kwangu ndipo palipo na uzito zaidi. Hotelini teknolojia ikigoma unakasirika. Mlimani unaweza kufa.

Tuanze na kosa linalorudiwa sana, la kuchanganya GPS, mfumo wa setilaiti wa kujua mahali ulipo, na mtandao wa simu. Simu yako haitumi chochote kwa setilaiti za GPS. Inasikiliza tu. Setilaiti hizo, zilizo juu kwa takriban kilomita 20,200, hutangaza saa zao bila kukoma, na simu hupima tofauti ndogo za muda ili kukokotoa ilipo. Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa inavuruga kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Usiku wa kuamkia Mei 2 mwaka huo uvurugaji ulizimwa, na makosa yaliyofikia mita 100 yakashuka mara moja. Kwa hiyo mahali pasipo na mtandao kabisa simu bado inajua iko wapi. Inachokosa ni picha ya ramani, kwa sababu hiyo ndiyo inayoletwa na intaneti. Unaona kitone cha buluu juu ya ukurasa mtupu. Dawa yake ni kupakua ramani ya eneo zima kabla ya kuondoka, kisha kuiweka simu katika hali ya ndegeni na kujaribu kama inafunguka.

Ramani yenyewe si ushauri. Julai 2021 mashirika ya wapanda milima ya Scotland yalionya kwamba Google Maps inawaelekeza wanaopanda mlima Ben Nevis kwenye njia inayoweza kuua, hata kwa wazoefu. Mstari kwenye skrini hauna mwinuko, hauna ukungu wala jiwe linaloteleza. Mwenyeji wa mlima alikuwa anajua hayo yote, na kwa sehemu kubwa maarifa yake bado hayajaingia kwenye ramani.

Kisha kuna umeme. Pawabenki yenye maandishi ya miliampia-saa 20,000 ina nishati ya wati-saa 74 hivi. Simu ya kawaida hubeba kama 15. Kwa hesabu ungepata chaji tano, ila sehemu ya nishati hupotea kama joto njiani, kwa hiyo tarajia tatu au nne. Mashirika ya ndege huruhusu pawabenki isiyozidi wati-saa 100 kwenye begi la mkononi, ambayo ni takriban miliampia-saa 27,000. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika, na kwenye mizigo ya chini hairuhusiwi kabisa, maana betri ya lithiamu ikiwaka kule hakuna mhudumu wa kuifikia. Baridi hupunguza nguvu ya betri hizi, hivyo usiku ilaze ndani ya begi la kulalia, pembeni yako. Usiichaji ikiwa imepoa chini ya nyuzi 0, inaharibika kwa ndani. Paneli ya sola ya wati 100 hutoa wati hizo maabara. Kambini kivuli cha tawi moja juu ya sehemu ya paneli kinaweza kuangusha umeme wa paneli nzima, kwa sababu seli zake zimeungwa mfululizo kama watu waliosimama kwenye foleni nyembamba: mmoja akikwama wote wanakwama.

Vichujio vya maji vimekuwa vyepesi kiasi cha kukaa kiganjani. Vina nyuzi zenye matundu ya mikroni 0.1 au 0.2, madogo ya kutosha kuzuia bakteria na vijidudu vikubwa zaidi. Virusi vingi ni vidogo kuliko matundu hayo na hupita. Na kichujio kilicholowa kikiganda kwa baridi, nyuzi hupasuka ndani bila alama yoyote nje, maji yakaendelea kutiririka kama kawaida. Sijui kifaa kingine cha kambi kinachoharibika kimyakimya namna hii.

Hata kiwanja cha kusimika hema kimeingia kwenye foleni ya kompyuta. Zamani aliyewahi alipata. Sasa nafasi za mbuga maarufu hufunguliwa miezi kabla na kuisha ndani ya dakika, wengine wakitumia programu zinazonyakua nafasi kila inapofutwa, halafu jioni unakuta viwanja vilivyolipiwa vikiwa havina mtu. Huko Yosemite, mbuga ya Marekani, vibali vya kupanda kilele cha Half Dome hutolewa kwa bahati nasibu, na nadhani ni haki zaidi: aliye na intaneti ya kasi hampiti aliye na ya polepole.

Nimemaliza na setilaiti kwa sababu hapo mambo yamegeuka kweli. Tangu 1982 mfumo wa kimataifa wa Cospas-Sarsat, ulioasisiwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovyeti wakati wa Vita Baridi, umekuwa ukipokea mawimbi ya vifaa vya dharura. Novemba 2022 simu ya iPhone 14 ilianza kutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti bila mtandao wa kawaida, na wengine wamefuata. Katika uwazi, ujumbe huchukua kama sekunde 15; chini ya miti ni zaidi ya dakika, na bondeni lenye kuta ndefu unaweza usitoke. Kifaa maalumu cha dharura kina nguvu kubwa zaidi ya kutuma, na betri yake hukaa miaka ikikusubiri.

Ukibonyeza kitufe cha kifaa hicho, mawimbi hupanda kwenye setilaiti, hushuka kituo cha ardhini, huingia kituo cha uratibu wa uokoaji. Pale anakaa mtu. Kabla hajatuma helikopta huangalia usajili wa kifaa na kupiga namba uliyoiandika, aulize: mwenye kifaa hiki yuko safarini kweli, yuko na nani, alipanga kupita wapi, ana ugonjwa gani? Ukiwa hukusajili kifaa, au namba ni ya mtu asiyejua hata kama umeondoka, mwokoaji anaanza na alama tupu kwenye ramani. Kwa hiyo, kabla ya kupakua ramani na kuchaji betri, mwandikie mtu wa nyumbani njia utakayopita, rangi ya hema lako, na siku utakayorudi.